Mitaa Haina Kosa, Sheria Ndiyo Yenye Kosa

Kila mara mbio za motokaa zinapokwisha katika mji wa Monaco husikika kilio kile kile. Watazamaji husema wamekaa juani karibu saa mbili wala hawakuona gari likilipita gari. Waandishi wa Ulaya huandika kwamba mitaa ya mji ule ni ya kale, ni myembamba, wakati wake umekwisha, na kwamba yafaa mbio zile ziondolewe zipelekwe mahali penye barabara pana. Sisi hatukubali. Twasema wazi kwamba mitaa haina kosa. Mitaa ya Monaco haikupungua hata shubiri moja. Kilichokua ni gari, na gari halikui lenyewe kama mti. Hukuzwa na sheria, na sheria hutungwa na watu waliokaa mezani.

Huenda ndugu msomaji akauliza: gazeti la chama lina haja gani na mchezo wa matajiri kando ya bahari ya Mediterania? Haja tunayo, tena kubwa. Kwanza, vijana wetu wanautazama mchezo huu kwa maelfu, na jambo wanalolitazama vijana wetu si jambo la kupuuzwa. Pili, zipo serikali za Afrika zinazotaka kuuleta kwetu, na fedha zitakazotumika zitakuwa fedha za wananchi. Tatu, hapana darasa jepesi kuliko hili la kumwonyesha mtu jinsi mstari mmoja ulioandikwa katika karatasi unavyoweza kuamua nani atashinda na nani atashindwa, kabla injini hazijawashwa. Mwenye kulielewa jambo hili katika mbio za magari atalielewa pia katika bei ya kahawa na pamba.

Tuanze na njia yenyewe, ili tusibishane juu ya jambo tusilolijua.

NJIA ILIVYO

Mzunguko wa Monaco una urefu wa mita 3,337. Magari huuzunguka mara 78, jumla kilomita 260 na kidogo. Sheria ya Formula 1 yataka mbio nyingine zote ziwe za kilomita 305 au zaidi, lakini Monaco peke yake imesamehewa, kwa sababu mwendo wake ni wa polepole. Iko kona moja kali mbele ya hoteli ambayo gari huipita kwa mwendo wa kilomita kama 50 kwa saa, mwendo ambao hata basi la abiria laweza kwenda. Kulia ni ukuta wa chuma, kushoto ni ukuta wa chuma, na katikati ni barabara ile ile ambayo siku nyingine watu huiendea dukani. Yamefanyika marekebisho hapa na pale, kama kona za bwawa la kuogelea zilizoongezwa mwaka 1973, lakini mitaa ni ile ile.

Mbio za kwanza zilifanyika mwaka 1929, akashinda William Grover-Williams akiendesha Bugatti. Katika miaka ile nafasi za kuanzia zilipangwa kwa kura. Mwaka 1933 wenye mbio wakatunga kanuni mpya: dereva atakayeonyesha mwendo wa kasi zaidi katika majaribio ndiye atakayesimama mbele. Kanuni hiyo ni ya haki, nasi hatuilaumu. Lakini ndugu msomaji aipime vizuri. Katika barabara pana, nafasi ya kuanzia ni mwanzo wa safari tu. Katika barabara nyembamba, nafasi ya kuanzia huwa karibu ni mwisho wa safari. Kanuni ni moja, maneno ni yale yale, lakini mahali pamoja hufanya kazi ya mlango, na mahali pengine hufanya kazi ya kufuli. Basi hili ndilo jambo la kwanza tunalotaka kulisema: sheria haina maana moja kila mahali. Maana yake huipata inapoigusa ardhi.

SHERIA NA GARI

Tuchukue mfano wa mwaka 1961. Mwaka ule Shirikisho la Kimataifa la Motokaa, ambalo jina lake la kifupi ni FIA, lilipunguza ukubwa wa injini kutoka sentimita za ujazo 2,500 hadi 1,500. Waingereza waliokuwa wakitengeneza magari ya mbio waliipinga sana sheria ile, wakanung'unika, wakachelewa kutengeneza injini mpya. Waitaliano wa Ferrari hawakunung'unika. Waliisoma sheria, wakaenda katika karakana zao, wakatengeneza. Msimu ulipoanza Ferrari walikuwa na injini yenye nguvu kuliko wote, na mwaka ule Phil Hill akawa bingwa wa dunia kwa gari lao. Hapo tayari lipo fundisho kwa kila chama na kila serikali: anayenung'unika bila kujitayarisha hupitwa na anayeisoma sheria usiku na kuamka na nyundo asubuhi.

Lakini Monaco ilitoa fundisho la pili. Stirling Moss alikuja na Lotus ambayo haikuwa hata ya kiwanda chenyewe, bali ya mwenye timu binafsi, nayo injini yake ya silinda nne ilikuwa dhaifu kuliko zile za Ferrari. Alianza mbele, akaendesha mizunguko 100, huku Ferrari zikimfuata kwa nyuma, na mwisho akashinda kwa sekunde chache. Nguvu za farasi hazikuwafaa kitu Ferrari, kwa sababu katika mitaa ile hapakuwa na mahali pa kuzimwaga. Mnyonge mwenye akili alipata pahali pake. Ndiyo maana tunasema mitaa si adui wa mchezo. Kwa miaka mingi mitaa ndiyo iliyokuwa rafiki wa yule asiye na fedha nyingi.

Sasa tutazame gari lilivyo leo. Mwaka 1961 sheria ilisema gari lisipungue uzito wa kilo 450. Mwaka 2025 sheria ilisema lisipungue kilo 800, pamoja na dereva. Hata ukimtoa dereva, uzito umezidi kwa mbali. Mwaka 2017 sheria iliongeza upana wa gari kutoka sentimita 180 hadi 200. Urefu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma uliruhusiwa kufika sentimita 360, na gari zima likapita mita tano na nusu. Ukiziweka motokaa mbili za namna hiyo ubavu kwa ubavu katika kona ya Monaco, hazibaki nafasi za kutosha hata kwa dereva hodari na mwenye moyo.

Mtu mwenye haki atatukumbusha kwamba kabla ya mwaka 1993 magari yaliruhusiwa kuwa na upana wa sentimita 215, yaani mapana kuliko ya leo. Ni kweli, na yafaa tulijibu jambo hilo bila kulikwepa. Gari la zamani lilikuwa pana, lakini lilikuwa fupi na jepesi, nalo lilikuwa na mambo mengi yaliyoweza kumharibikia dereva. Gia zilibadilishwa kwa mkono, na mtu akikosea gia moja akitoka katika kona, mwenzake alikuwa amekwisha mpita. Injini zilikufa njiani. Matairi yalichoka. Mwaka 1989 Ferrari walileta gia za kubadilisha kwa kidole katika usukani, na wengine wakafuata. Breki za kaboni zimelifanya gari lisimame katika nafasi fupi mno, na ile nafasi ya kufunga breki ndiyo iliyokuwa uwanja wa kumpita mtu. Kadhalika magari yamekuwa imara, hayafi ovyo. Kila jambo katika hayo ni maendeleo mazuri likitazamwa peke yake. Yakikusanywa pamoja, yameondoa tofauti baina ya gari na gari, na pasipo tofauti hapana kupita.

Wala hatusemi kwamba zamani kupita kulikuwa rahisi. Mwaka 1992 Nigel Mansell alikuwa na Williams iliyokuwa bora kuliko magari yote. Alikuwa amekwisha shinda mbio tano za kwanza za mwaka ule. Katika Monaco aliongoza mpaka karibu na mwisho, akalazimika kusimama kwa mafundi, akatoka nyuma ya Ayrton Senna akiwa na matairi mapya. Alimfuata Senna mizunguko ya mwisho kama kivuli, akajaribu kulia, akajaribu kushoto, asipite. Senna alishinda kwa sehemu ndogo ya sekunde. Watu wanaikumbuka siku ile hadi leo, ingawa hakuna aliyempita mwenzake. Kwa hiyo kinachotakiwa na watazamaji si kupitana kwa kuhesabu. Wanachotaka ni kuona kwamba yule wa nyuma anaweza kujaribu, na yule wa mbele ana jambo la kuogopa.

Na mwaka 1996 mvua iliponyesha, sheria zote za mezani zilisombwa na maji. Olivier Panis wa Ligier alianza nafasi ya 14 akashinda, na magari matatu tu ndiyo yaliyofika mwisho yakiwa yanakwenda. Mvua ilirudisha kosa la binadamu, na kosa la binadamu lilirudisha mchezo.

VIRAKA JUU YA VIRAKA

Tangu mwaka 2007 ilikuwako sheria kwamba, njia ikiwa kavu, kila dereva hana budi kutumia aina mbili za matairi, yaani lazima asimame walau mara moja. Ilikuwako pia sheria kwamba mbio zikisimamishwa kwa bendera nyekundu, magari yanaweza kubadilishwa matairi hapo yaliposimama. Kila moja yaonekana haina neno. Mwaka 2024 zilikutana mahali pamoja. Katika mzunguko wa kwanza magari matatu yaligongana, bendera nyekundu ikatolewa, na madereva wakabadilisha matairi papo hapo. Tangu dakika ile hapakuwa na haja ya kusimama tena. Wakaendesha polepole mizunguko yote iliyobaki wakitunza matairi yao. Kumi wa kwanza walimaliza kwa taratibu ile ile waliyoanzia, jambo ambalo halikupata kutokea katika Formula 1. Alishinda Charles Leclerc, mwana wa mji wenyewe, naye alikuwa mwananchi wa Monaco wa kwanza kushinda pale tangu Louis Chiron mwaka 1931. Kwa furaha yake tunampongeza. Lakini mbio zile zilikuwa msafara wa arusi, si mashindano.

Wakubwa waliona aibu. Je, waliligusa gari? La. Kwa mwaka 2025 walitunga kanuni ya Monaco peke yake: kila dereva atumie seti tatu za matairi, yaani asimame mara mbili. Walidhani kusimama kwingi kutaleta mchafuko, na mchafuko utaleta mchezo. Kilicholetwa ni hila. Timu yenye magari mawili ilimwamuru ndugu mmoja aende polepole mbele ya wenzake wote, akiwaziba kama lori bovu mlimani, ili ndugu wa pili apate nafasi ya kusimama kwa mafundi na kurudi bila kupoteza kitu. Racing Bulls walifanya hivyo, Liam Lawson akiwazuia watu kwa ajili ya Isack Hadjar. Williams nao wakafanya, Alex Albon na Carlos Sainz wakisaidiana. George Russell wa Mercedes alipochoka kufungiwa nyuma alikata kona ya bandarini kwa kusudi, akampita Albon nje ya njia, akaadhibiwa. Na mwisho wake? Lando Norris, Leclerc, Oscar Piastri na Max Verstappen, walioanza wa kwanza mpaka wa nne, walimaliza wa kwanza mpaka wa nne.

Hatuwalaumu madereva wale wala timu zao. Walifanya yale ambayo sheria iliwaalika kuyafanya. Ukimfungia mtu mlango wa haki na kumwachia wazi dirisha la hila, usishangae kumkuta dirishani. Wa kulaumiwa ni fundi aliyejenga nyumba ya namna hiyo. Ugonjwa ulikuwa katika gari. Dawa ikapakwa katika matairi. Yule aliyevaa kanzu iliyombana haponi kwa kushonewa mifuko zaidi.

Wala jambo hili si la Monaco tu. Mwaka 2008 Singapore ilifanya mbio zake za kwanza, usiku, katika barabara za mji. Wakati ule ilikuwako kanuni kwamba gari la usalama linapotoka, kituo cha mafundi hufungwa kwa muda. Aliyekuwa amekwisha simama alifaidika; aliyekuwa hajasimama alipata hasara. Nelson Piquet mdogo wa Renault aligonga ukuta kwa makusudi baada ya mwenzake Fernando Alonso, aliyeanza nafasi ya 15, kuwa amekwisha simama. Alonso akashinda, wala uchunguzi haukumkuta na hatia. Mambo yalifichuka mwaka 2009, Renault wakapewa adhabu ya kifungo cha nje; kanuni ile ilikuwa imekwisha ondolewa. Katika barabara pana gari lililoharibika husukumwa majanini na mbio huendelea. Katika mtaa wenye kuta halina pa kwenda, basi lazima gari la usalama litoke. Kanuni iliyotungwa kwa ajili ya barabara pana iligeuka kuwa silaha katika barabara nyembamba.

Tena mwaka 2023, mjini Las Vegas, kifuniko cha chuma cha barabarani kiling'oka, kikalipasua kwa chini gari la Sainz, aliyekuwa wakati ule na Ferrari. Hakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la barabara. Lakini betri ya gari iliharibika, ikabidi ibadilishwe, na sheria ya ufundi yasema anayezidisha idadi ya betri anarudishwa nyuma nafasi kumi. Waamuzi walisema kwamba wangekuwa na uwezo wa kumsamehe wangemsamehe, lakini sheria haikuwapa uwezo huo. Alipata nafasi ya pili katika majaribio, akaanza wa 12, akamaliza wa sita. Sheria ile ilitungwa ili kuzuia matajiri wasitumie mashine mpya kila wiki, nayo ni nia njema. Walakini hakuna mtunzi aliyejiuliza: je, tukiwapeleka watu hawa katika mitaa yenye mifereji na vifuniko, itakuwaje? Sheria isiyoacha nafasi ya huruma humwadhibu aliyeibiwa na kumwacha mwizi.

DAWA IPO

Kwa wale wanaoendelea kusema kwamba mitaa ya Monaco haifai, tunawajibu kwa ushahidi. Magari ya umeme ya Formula E hukimbia Monaco pia. Yalianza mwaka 2015 katika njia iliyofupishwa, na tangu mwaka 2021 yanatumia karibu njia yote ile ile. Mwaka 2023 Nick Cassidy alianza nafasi ya tisa akashinda, na katika mbio zile magari yalipitana tangu mwanzo mpaka mwisho. Mji ni ule, kuta ni zile, kona ya hoteli ni ile. Kilichotofautiana ni sheria. Gari la Formula E la mwaka ule lilikuwa na upana wa sentimita 170. Halitegemei sana mabawa ya kulikandamiza chini, kwa hiyo linaweza kulifuata jingine kwa karibu bila kuyumbishwa na upepo wake. Zaidi ya hayo, umeme anaopewa dereva hautoshi kukimbia kasi mbio nzima. Aliye mbele anapasua upepo na kula umeme wake. Aliye nyuma anajificha na kuweka akiba. Basi kuongoza kuna gharama, na kufuata kuna faida. Hiyo ndiyo sheria iliyotungwa na mtu aliyekwenda kwanza kuutazama mtaa.

Hata wakubwa wa Formula 1 wameanza kukiri, ingawa kwa mkono mzito. Sheria za mwaka 2026 zimepunguza upana wa gari kutoka sentimita 200 hadi 190, urefu kati ya ekseli kutoka sentimita 360 hadi 340, na uzito kutoka kilo 800 hadi 768. Tunasema vizuri. Lakini gari lililokuwa limenenepa kwa miaka mingi halikondi kwa kufunga siku moja. Tunasema waendelee, wala wasisimame hapo.

Kwa nini wanakwenda polepole? Jibu liko katika methali ya wazee wetu: mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kamati ya Formula 1 ina pande tatu zenye kura: Shirikisho, wenye biashara ya mbio, na wenye timu. Mwenye timu kubwa hataki gari la mwaka ujao limfanye afanane na mdogo. Mwenye biashara anatazama mikataba na televisheni. Shirikisho linajaribu kuwaridhisha wote wawili. Mtazamaji aliyelipa nauli na kiingilio hana kiti, na mkaaji wa mtaa unaofungwa kwa siku kadhaa hana kiti. Basi ngozi inavutwa huku na huku, na ngoma hailii vizuri.

JAMBO LETU SISI

Watu wetu wasidhani kwamba Afrika ya Mashariki ni ngeni katika habari hizi. Mwaka 1953 masetla walianzisha mbio za Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza, zikapita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Tunajua zilianzishwa na nani na kwa sifa ya nani. Lakini wale walioziandika kanuni zake walikuwa wakiishi katika barabara zile za vumbi na matope, na hivyo waliyagawa magari kwa bei yake ya dukani, wala si kwa ukubwa wa injini, ili ionekane ni gari gani la bei gani litakalostahimili njia zetu. Kanuni ilifanana na njia. Baadaye Joginder Singh wa Kenya akazishinda mara tatu, miaka ya 1965, 1974 na 1976, na wageni wenye viwanda vikubwa wakajifunza kuziheshimu barabara zetu. Safari ilitolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002. Iliporudi mwaka 2021, ilirudi kwa kipimo cha wengine: kilomita kama 320 tu za kushindana, badala ya zile elfu kadhaa za zamani. Twafurahi kwamba imerudi. Lakini kila mtu aone: safari hii njia ndiyo iliyolazimishwa kufanana na kanuni.

Na sasa yanakuja makubwa zaidi. Formula 1 haikukimbia Afrika tangu mbio za Kyalami, Afrika ya Kusini, mwaka 1993. Mwezi Februari 2023 Formula E ilikuja Cape Town, katika njia za mji karibu na bahari, akashinda António Félix da Costa. Mwaka uliofuata mji ule haukuwamo katika orodha. Mwezi Desemba 2024 Shirikisho lilifanya mkutano wake mkuu Kigali, na Rais wa Rwanda akatangaza kwamba nchi yake inaomba mbio za Formula 1. Nchi nyingine nazo zina tamaa hiyo.

Hatusemi Afrika isiombe. Mwafrika ana haki ya kuona kwake yale ambayo wengine wanayaona kwao. Lakini twasema kuomba mbio ni jambo moja, na kukaa mahali ambapo mbio hutungiwa sheria ni jambo jingine, na hili la pili ndilo lenye thamani. Anayeomba mbio peke yake atapewa daftari lenye vipimo: ukuta uwe hivi, lami iwe hivi, kila kifuniko cha maji kichomelewe, mtaa ufungwe siku kadhaa. Atakopa fedha atimize. Na baada ya miaka michache, mezani kule mbali, gari litaongezwa urefu au sheria itageuzwa, na barabara aliyoijenga kwa jasho la wananchi itaitwa ya kale na nyembamba, kama wanavyoiita leo Monaco. Monaco ina jina na utajiri wa kujitetea. Sisi tutajitetea kwa nini?

Vyama vya motokaa vya Afrika vina kura katika mkutano mkuu wa Shirikisho, na mkutano huo ndio unaochagua rais na wajumbe wa baraza lake la michezo. Kura hizo zikipigwa moja moja, kila mtu kwa ahadi aliyonong'onezwa, hazina uzito. Zikipigwa kwa umoja zina uzito.

Basi haya ndiyo tunayoyataka. Kwanza, kila sheria mpya ya gari ipimwe katika mtaa mwembamba kuliko yote kabla haijapitishwa, kwa sababu gari linalofaa njia nyembamba halishindwi na njia pana, lakini kinyume chake si kweli. Pili, kosa la gari lisitibiwe kwa kanuni za matairi na za kusimama. Tatu, waamuzi wapewe uwezo wa kumsamehe asiye na kosa. Nne, vyama vya motokaa vya Afrika vikutane, vipange neno moja, na vidai viti vya ufundi, si viti vya heshima jukwaani. Vyuo vyetu vya ufundi vitoe vijana wanaoweza kuusoma mchoro wa gari na kubishana na Mzungu kwa hesabu, maana katika kamati ile kelele hazisaidii. Tano, serikali yoyote ya Afrika itakayotaka mbio hizi iwaonyeshe wananchi hesabu kamili kabla ya kutia sahihi: itatoka fedha kiasi gani, kwa miaka mingapi, na sheria zikigeuzwa katikati ni nani atakayelipa.

Mtu anayeiheshimu njia yake hakubali kuambiwa kwamba ni nyembamba na mgeni aliyekuja na gari pana. Humwambia apunguze gari. Lakini ili asikilizwe, sharti awe amekaa naye meza moja, na awe anazijua hesabu.